Pinga jengo likiwa bado ni mstari kwenye karatasi

Katika miji midogo ya Kenya, watu wengi hupata habari za jengo jipya la kaunti siku uzio wa mabati unaposimamishwa. Bango lenye picha ya ghorofa nne za vioo linachomekwa kando ya barabara, tingatinga linaingia, vijana wanaandikishwa kazi ya mjengo. Ndipo wenye vibanda waliohamishwa wanaanza kuulizana: pesa hizi zilipitishwa lini, na nani aliulizwa?

Zilipitishwa kitambo. Kabla tingatinga halijafika, mradi wa aina hiyo huwa umeshatajwa katika nyaraka nne au tano za umma, na kila waraka ulikuwa na muda wake wa kupokea maoni. Kupinga mstari wa bajeti kunagharimu nauli na karatasi mbili. Kupinga kandarasi iliyokwisha kutiwa sahihi kunagharimu wakili, na hata ukishinda, huenda kaunti ikamlipa mkandarasi fidia kutoka mfuko uleule uliokuwa unautetea.

Si kila jengo ni ubadhirifu, na anayepinga kila kitu hasikilizwi na mtu. Ugatuzi ulipoanza 2013, kaunti zilirithi mali ya mabaraza 175 ya miji na wilaya yaliyovunjwa, na baadhi hazikurithi jengo la maana. Kaunti tano, yaani Isiolo, Lamu, Nyandarua, Tana River na Tharaka Nithi, zilikuwa na uhaba mkubwa kiasi kwamba serikali ya kitaifa ilianza kutenga ruzuku maalumu ya kuzijengea makao makuu; katika mwaka wa fedha 2018/2019 ruzuku hiyo ilikuwa shilingi milioni 605 kwa zote tano. Ofisi huko Mokowe, Lamu, au Kathwana, Tharaka Nithi, ina sababu. Ugomvi ni na jengo lisiloweza kueleza kazi yake: makao ya kifahari ya kiongozi, jengo la pili la ofisi ilhali la kwanza liko nusu tupu, ukumbi wa viti elfu mbili katika mji ambao soko lake halina choo.

Tarehe zinazoamua

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeupanga mwaka wa bajeti kwa tarehe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini safari ya mradi huanza miezi kumi kabla. Ifikapo Septemba 1, serikali ya kaunti inatakiwa kuwa imewasilisha kwa bunge la kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule wanaouita ADP, wa mwaka wa fedha unaofuata. Mradi unaotarajiwa kuanza Julai 2027 unapaswa kuonekana katika ADP ya Septemba 2026. Nao ADP unatokana na mpango mkubwa wa miaka mitano, CIDP. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kama jengo halimo katika CIDP wala ADP, umeshapata hoja yako ya kwanza bila kugusa kikokotoo: limeingia kwa mlango gani?

Februari 28 ndiyo tarehe ambayo wengi huipita bila kuiona. Siku hiyo ni mwisho wa kuwasilisha Mkakati wa Fedha wa Kaunti, CFSP, waraka mkavu usio na picha hata moja, unaoweka kikomo cha fedha cha kila idara. Mikutano yake huhudhuriwa na watu wachache, na wengi wao ni maafisa. Aprili 30 yanakuja makadirio ya bajeti yenyewe, na hapo ndipo vikundi vya wananchi hujitokeza vikiwa na mabango. Wamechelewa zaidi ya wanavyodhani. Kanuni ya 37 ya kanuni za fedha za kaunti za 2015 inasema bunge la kaunti likibadilisha makadirio, nyongeza au punguzo la fedha za idara lisizidi asilimia 1 ya kikomo cha idara hiyo. Chukua idara yenye kikomo cha shilingi milioni 800. Mwakilishi wadi wenu hata akiwa na nia safi ya kuhamisha pesa za jengo kwenda idara ya afya, mwezi wa Mei mkono wake unafika milioni 8 tu. Kama jengo ni la milioni mia mbili, zilipaswa kuondolewa Februari.

Kinachobaki kufanywa Aprili ni kuomba pesa zihamishwe ndani ya idara ileile, kutoka jengo kwenda, tuseme, kukarabati soko lililo chini ya idara hiyo. Hilo linawezekana na linafaa kuombwa kwa maneno hayohayo. Ombi la jumla la "pesa zipelekwe hospitalini" litapokelewa kwa tabasamu na kuwekwa kwenye faili.

Sasa, mstari wenyewe unautafuta wapi? Bajeti za kaunti hutumia namba za akaunti za serikali. Ukipata bajeti iliyochambuliwa kwa vifungu, tafuta 3110202, ujenzi wa majengo yasiyo ya makazi, na 3110201, majengo ya makazi. Tafuta hasa katika kurasa za ofisi ya gavana, utumishi wa umma, na bunge la kaunti lenyewe, maana bunge pia hujijengea. Jina la mradi linaweza kuwa la kupendeza sana, "kituo cha ubora wa utoaji huduma" na mengineyo, lakini namba haidanganyi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitazami. Ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, kifungu cha 107, inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Jengo la ofisi huhesabiwa kuwa maendeleo, sawa kabisa na kisima au zahanati. Gavana anaweza kutimiza sheria kwa kokoto na vioo, na vitabu vya hesabu vikamsifu. Kwa hiyo usibabaike ukiambiwa kaunti yenu imepita kiwango cha maendeleo. Uliza ndani ya hiyo thelathini mna nini.

Kulihesabu jengo

Hoja ya "ni ghali" haimtishi mtu. Ghali kulingana na nini? Fanya hesabu tatu, na uziandike zote kwenye ukurasa mmoja. Tuchukue mfano wa kubuni: jengo la ofisi la mita za mraba 4,000 kwa shilingi milioni 480.

Hesabu ya kwanza ni bei kwa mita ya mraba. Milioni 480 ukigawa kwa 4,000 unapata shilingi 120,000. Ulinganishe na miongozo ya gharama inayotolewa na chama cha wakadiriaji majenzi nchini, IQSK, au na shule na hospitali zilizojengwa karibuni katika kaunti jirani, ambazo baadhi ya bei za kandarasi zake zimo katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Linganisha jengo la ghorofa na la ghorofa, si na darasa la chuma na mabati, la sivyo mhandisi wa kaunti atakuaibisha mbele ya mkutano kwa sentensi moja.

Ya pili ni nafasi kwa mtu. Jengo likikusudiwa kwa wafanyakazi 150, kila mmoja amepewa karibu mita za mraba 27. Dawati, kiti, kabati na njia ya kupita havizidi mita 8 hadi 12 kwa mtu. Ongeza ngazi, vyoo, korido na chumba cha mikutano. Bado 27 ni nyingi mno. Mara nyingi hapo ndipo siri ilipo. Bei kwa mita inaweza kuwa ya kawaida kabisa, ila mita zenyewe ndizo zilizozidi. Omba michoro na uhesabu vyumba vya "waheshimiwa" vyenye sebule na bafu.

Ya tatu ni kodi ya pango. Ikiwa kaunti inapanga ofisi kwa shilingi milioni 1.2 kwa mwezi, ni milioni 14.4 kwa mwaka. Watetezi wa jengo watakwambia pesa hizo "zinapotea". Lakini jengo la kwako nalo hula. Kipimo kinachotumika sana kwa majengo ya umma ni asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga upya, kila mwaka, kwa matunzo. Chukua 2 tu: milioni 9.6. Kwa hiyo ulichookoa kwa kuacha kupanga ni milioni 4.8 kwa mwaka, na milioni 480 zitarudi baada ya miaka 100. Kodi hupanda, ndiyo, lakini na bei za rangi, lifti na mabomba hupanda. Na kama hamtatenga hizo milioni 9.6, baada ya miaka kumi mtakuwa na jengo linalovuja, kama yale ya mabaraza ya zamani mnayoyakimbia sasa.

Jihadhari na neno "awamu". Mstari wa bajeti unasema "Ujenzi wa makao makuu, awamu ya kwanza, milioni 40", na watu wanapumua: milioni 40 si mbaya. Swali la kuuliza ni moja, na lirudiwe mpaka lijibiwe kwa tarakimu: gharama yote hadi siku ya kukabidhiwa funguo ni ngapi, na imegawanywa vipi kwa miaka? Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 53, inamkataza afisa mhasibu kuanzisha ununuzi kabla ya kuridhika kwamba fedha za kutosha kulipia kandarasi zimo katika bajeti iliyoidhinishwa. Ukiona kandarasi ya milioni 480 imetangazwa wakati bajeti ina milioni 40, andika barua siku hiyohiyo. Hivyo ndivyo madeni ya wakandarasi yanavyozaliwa, na hivyo ndivyo mifupa ya saruji yenye nondo zilizoota kutu inavyobaki katikati ya miji.

Ukifanikiwa kuipata BQ, ile orodha ya vipimo na bei, usianze na saruji na mawe. Anza mwisho, kwenye muhtasari. Tazama vifungu ambavyo havina vipimo: fedha za akiba ya dharura, na zile zilizowekwa kwa makadirio kwa ajili ya umeme, mabomba, lifti na vioo. Vikichukua theluthi ya jumla, basi hakuna anayejua bei ya jengo hilo, hata aliyelichora. Kisha tafuta vilivyokosekana. Mara nyingi transfoma haimo, wala kisima, tangi la maji taka, uzio, maegesho, jenereta, samani. Havikusahaulika. Vitakuja mwaka wa pili kama miradi mipya, na wakati huo hakuna atakayethubutu kukataa choo cha jengo lililokwisha simama.

Udongo nao ni hadithi yake, na tungeshauri uanzie hapo kama mji wenu uko kwenye ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Huwezi kuuwekea msingi wa kawaida. Unauondoa mpaka ufike kwenye tabaka gumu, kisha unajaza mawe na kushindilia. BQ iliyoandikwa bila kupima udongo huweka kina cha kubahatisha, labda mita 1.5. Mkandarasi akichimba anakuta weusi unaendelea hadi mita 3. Jengo lenye eneo la chini la mita za mraba 1,200 limeongezewa hapo mita za ujazo 1,800 za kuchimba, na udongo ukichimbwa huongezeka. Ukiongezeka kwa robo tu ni mita 2,250, yaani safari zaidi ya 280 za lori la mita 8, za kutoa peke yake. Bado hujaleta mawe ya kujazia. Hapo ombi la nyongeza ya bei linaandikwa, na ni halali: kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma kinaruhusu mabadiliko ya kandarasi za ujenzi hadi asilimia 20 ya kiasi cha kazi, na jumla ya mabadiliko yote isizidi asilimia 25 ya bei ya awali. Milioni 480 zimekuwa 600 bila mtu kuvunja sheria. Kwa hiyo ripoti ya upimaji wa udongo iombwe kabla ya zabuni. Kama haipo, hiyo ni hoja tosha ya kuahirisha, na ni hoja ambayo mhandisi mwaminifu wa kaunti atakuunga mkono kimoyomoyo.

Kwa makao ya viongozi kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa kipo kikomo. Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, katika waraka wake wa Mei 2019, iliweka shilingi milioni 45 kwa nyumba ya gavana, milioni 40 kwa ya naibu wake, na milioni 35 kwa ya spika wa bunge la kaunti. Ujanja wa kawaida ni kuigawa nyumba vipande: nyumba yenyewe chini ya milioni 45, kisha "kazi za nje", "nyumba ya walinzi" na "mandhari" kama miradi mingine. Vijumlishe.

Karatasi, muhuri na daftari la mahudhurio

Habari hizi utazipata kwa kuandika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, halitozwi ada, na hulazimiki kueleza kwa nini unataka habari hizo. Utalipia kunakili tu. Mwandikie katibu wa kaunti. Taja vitu kwa jina: upembuzi yakinifu, michoro yenye jumla ya mita za mraba, makadirio ya mhandisi, hati ya umiliki wa ardhi, ripoti ya udongo, leseni ya NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira), mpango wa ununuzi wa mwaka, na kumbukumbu za mikutano ya wananchi pamoja na orodha za waliohudhuria. Ombi la "habari zote kuhusu mradi" ni rahisi kukataliwa kwamba halieleweki. Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Wakinyamaza au kukataa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki za Kiutawala, wengi wanaiita Ombudsman.

Nenda na nakala mbili za kila barua. Moja wanabaki nayo; ya pili wanaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe unarudi nayo. Karani akikwambia muhuri uko kwa bosi na bosi yuko Nairobi, tuma kwa barua pepe ukiwa hapohapo mlangoni, kisha kwa posta ya rejista. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Siku 21 zitahesabiwa kuanzia wapi?

Maoni ya bajeti nayo yawe ya maandishi. Kurasa mbili zinatosha: jina na namba ya kitambulisho cha kila mtia sahihi, ukurasa na namba ya mstari unaopingwa, kiasi chake, hesabu zile tatu, na pendekezo la pesa ziende wapi ndani ya kikomo kilekile. Wajumbe wa kamati ya bajeti hupokea mirundo ya karatasi zinazolalamika. Karatasi inayosema "ukurasa wa 87, punguza milioni 40, ongeza ukurasa wa 91 mfereji wa maji ya mvua wa soko" inasomwa, kwa sababu imemfanyia mjumbe kazi yake. Wasilisha pia kwa wawakilishi wa wananchi katika Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti, linaloundwa na kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma. Huwa na viti vya wafanyabiashara, wataalamu, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya dini, na wengi mjini hawajui ni nani amekikalia kiti chao.

Kwenye mkutano wa kutoa maoni, tahadhari ni daftari la mahudhurio. Linapitishwa mapema, pengine pamoja na soda na mkate, lina safu za jina, kitambulisho, simu na sahihi. Halina safu ya kuonyesha umekubali au umekataa. Baadaye linabandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba watu 214 walishirikishwa na mradi ukapita. Weka sahihi, kwa kuwa usipoiweka hukuwepo, lakini andika "napinga" kando ya jina lako kwa wino, wewe na wenzako, kisha piga picha ukurasa. Mwenye kuzungumza aanze kwa kutaja jina lake na kuomba maneno yake yaingizwe kwenye kumbukumbu. Mzungumzaji mmoja mwenye tarakimu anatosha. Wa pili awe mtu ambaye jengo linamhamisha, mwenye kibanda au fundi baiskeli wa kwenye uwanja huo. Makelele yakizidi, mwenyekiti anafunga mkutano na kuandika kwamba ulifanyika.

Mtaitwa maadui wa maendeleo. Mtaambiwa mmetumwa na aliyeshindwa uchaguzi, na vijana wa mjengo wataambiwa mnawanyima kazi. Hili la vijana lisipuuzwe, maana ni kweli kwa kiasi chake. Mtu anayelipwa kibarua kwa siku ana haki ya kuuliza mfereji wa soko utampa siku ngapi za kazi. Andaeni jibu lenye tarakimu kabla ya mkutano. Kazi za mifereji, barabara za kokoto na ukarabati hutumia mikono mingi kwa kila shilingi kuliko lifti na vioo vinavyoagizwa kutoka nje. Na msikubali pingamizi livae rangi ya ukoo au chama. Siku hiyo ndiyo mwisho wake.

Karatasi zikishindikana

Ombi rasmi kwa bunge la kaunti ni haki ya kila mkazi chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88. Kanuni za mabunge mengi hutaka liandikwe kwa heshima, lieleze kama suala limewahi kupelekwa kwa ofisi husika na kama liko mahakamani, na limalizike kwa maombi mahususi. Maombi mengi hurudishwa kwa kukosa hayo mawili ya katikati, si kwa udhaifu wa hoja. Kifungu cha 90 kinakwenda mbali zaidi: uamuzi wa mipango au uwekezaji unaweza kupelekwa kwenye kura ya maoni ya eneo ikiwa ombi limetiwa sahihi na angalau asilimia 25 ya wapigakura waliojiandikisha mahali kura itakapofanyika. Wadi yenye wapigakura 12,000 inahitaji sahihi 3,000 halali. Kusanyeni 3,600, kwa sababu namba za vitambulisho zitakazokosewa ni nyingi. Hata kabla ya kura yenyewe, sahihi elfu tatu zina namna ya kumkumbusha mwakilishi wadi alishinda kwa kura ngapi.

Jengo kubwa linahitaji pia leseni ya mazingira. Leseni ikitolewa, una siku 60 kukata rufaa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), linalosikiliza kesi za leseni hizo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Lamu, ingawa ule ulikuwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 na si jengo la ofisi. NEMA ilitoa leseni 2016, wakazi wakiongozwa na kikundi cha Save Lamu wakakata rufaa, na Juni 2019 baraza likaifuta leseni hiyo. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya athari kukamilika. Mikutano ya awali ya kujitambulisha haikuhesabiwa kuwa ushirikishaji.

Mahakama Kuu nayo husikiliza mtu yeyote anayetetea Katiba, hata kama yeye mwenyewe hakuathirika moja kwa moja. Aprili 2014 iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake, kwa sababu ushirikishaji wa wananchi haukutosha. Jaji alitaka kaunti zitumie mabaraza, makanisa, misikiti na redio za lugha za wenyeji, si tangazo la gazeti pekee. Lakini mwenye kwenda huko ajue anachokwenda kuuliza. Mahakama haisimamishi jengo kwa kuwa ni ghali, wala kwa kuwa maoni yako hayakufuatwa. Kushirikishwa si kukubaliwa. Inasimamisha kwa kuwa hatua ya kisheria ilirukwa: ardhi haina hati, leseni haipo, fedha hazimo kwenye bajeti, wananchi hawakupewa waraka kabla ya mkutano. Zile barua zenye muhuri ndizo kesi yenyewe. Na haraka ni muhimu, maana baada ya kandarasi kutiwa sahihi sheria inaruhusu malipo ya awali hadi asilimia 20, na kwa jengo letu la milioni 480, wakili wa kaunti atamwambia jaji kwamba umma umekwisha kutumia milioni 96 na kusimama sasa ni hasara.

Mstari ukiondolewa Februari au Mei, kazi haijaisha. Bajeti ya ziada hupita katikati ya mwaka, mara nyingi kwa siku chache na kwa kelele kidogo, na miradi iliyofukuzwa mlangoni hurudi humo. Haitarudi na 3110202. Itafute kwenye 3110302, ukarabati wa majengo yasiyo ya makazi, na uende na kamera kuangalia kama jengo linalodaiwa kukarabatiwa lipo.